Mvuliwa Nguo

Mvuliwa nguo huchutama, walisema waliosema.
Huku Milwaukee mvuliwa nguo husimama wima,
miguu kando, mikono juu kama aliyeshindwa vita,
huhesabu hadi saba, kisha huuliza viatu vyake viko wapi.

Mimi sikuwa pale mbele. Nilikuwa chumba cha nyuma,
kisicho na dirisha, mlango wa tarakimu nne,
kiti kimoja, kioo kimoja, feni yenye kikohozi.
Kanuni ilikuwa fupi: anayeona asionekane.
Nililipwa kwa saa kutazama watu wa rangi ya majivu,
wasio na nyuso. Nyuso mashine ilizifuta.
Kwa heshima, tuliambiwa.

Miaka miwili. Sikuona bomu hata moja.
Niliona titi la sponji upande wa kushoto.
Niliona nepi ya mtu mwenye mabega ya mwanajeshi,
rozari iliyofungwa kiunoni,
barua iliyokunjwa mara nne ndani ya soksi.
Niliona wanaume wakivuta matumbo ndani. Kwa ajili ya nani?
Kwa ajili yangu, Clemens Radtke,
na sandwichi yangu ya jibini.

Sauti zilipenya ukutani.
"Mimi sina cha kuficha," alinguruma mmoja,
"nimulikeni hadi uboho, mradi niwahi ndege."
Bibi Lindqvist, aliyefundisha piano, alikataa katakata:
"Nipapaseni. Mkono angalau una mwenyewe,
naweza kumtazama akaona haya."
Na kijana fulani: "Picha yangu inakwenda wapi?"
"Haihifadhiwi, bwana."
"Nimeuliza inakwenda wapi."
Ilikuja kwangu.

Februari, asubuhi ya theluji, safari zimechelewa,
mwili mmoja uliingia kwenye kioo, ukainua mikono,
na mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitatu.
Viwili vililiwa na mtambo wa karatasi kule Neenah;
mimi ndiye niliyevibeba hospitali
ndani ya kopo la kahawa lililojaa barafu.

Norbert.

Miaka tisa hatukuwa tumesemezana,
kwa sababu ya nyumba ya mama,
au tuseme kweli, kwa sababu ya karakana ya nyumba ya mama.
Mabega yale yale, moja juu, jingine chini.
Na tumboni, kando ya kitovu, kifuko,
kimebandikwa pale wanapokibandika
wakishakukata utumbo.
Hakuna aliyeniambia.
Kulikuwa na upasuaji, basi, na kitanda,
na mtu mwingine aliyeketi kwenye kiti cha wageni.

Sekunde kumi. Nyekundu: wamweke pembeni,
wampandishe shati, wamuulize hiki ni nini.
Kijani: apite.
Nilibonyeza kijani na kidole kikabaki pale pale,
kama kwenye kengele ya mlango wa mtu.
Kutoka sikuweza. Anayeona asionekane.
Nyuma yake aliingia mwanamke mwenye mimba, akainua mikono.

Mashine zile ziliondolewa baadaye.
Siku hizi kioo huchora kikatuni, kimoja kwa wote,
askofu na mcheza ngumi,
na kisanduku cha njano penye shaka.
Watu wameacha kugomba. Huvua mikanda
huku simu zimebanwa kati ya sikio na bega.

Nilimpigia hatimaye, Jumapili.
Tukaongea theluji, bei ya petroli,
mbwa wake aliyekufa, ambaye nilijidai nilimpenda.
Kile kifuko nilikizunguka kwa mbali,
kama shimo kwenye barafu ya ziwa.
"Na afya?" nikauliza.
Akanyamaza. Jikoni kwake redio ilikuwa inasoma matokeo.
"Mzima kabisa," akasema. "Wewe je, bado uko uwanja wa ndege?
Huwa unafanya nini hasa pale?"

"Naangalia mizigo," nikamwambia.